Aliyekalia Kiti cha Dereva

Segese, Jumapili, 11 Februari 2024

Mdogo wangu Scolastika,

Gari limefika. Naanza na hilo kwa sababu najua Mama Mlezi wenu, huko unakofundishwa usista, anasoma barua kabla yako, basi na yeye afurahi kidogo. Kwa utaratibu wenu huo wa kugawiwa barua Jumapili ya kwanza ya mwezi, utaisoma hii Machi, gari likiwa limeshazoea vumbi la Segese kuliko mimi.

Ni Harrier nyeupe. Nililichagua kwenye simu nimekaa pale karashani, mawe ya dhahabu yanasagwa, vumbi linanijaa puani, na Valerian amenisimamia begani ananisomea sifa zake. Valerian ndiye yule mnunuzi wa dhahabu ninayeshirikiana naye karasha, nilikuambia. Miezi mitatu nimelisubiri kama mtu anayesubiri mtoto. Lilipotoka bandarini Dar, dereva alilileta kwa siku mbili, akanikabidhi ufunguo mbele ya watu nikaufunga kwenye leso. Usicheke.

Ndani linanukia sabuni ambayo sijawahi kuinusa. Ukiliwasha tu, kuna mwanamke anakusemesha Kijapani, sauti ya upole kama ya nesi. Wifi yako Generosa huwa anamwitikia "marahaba". Saa yake iko mbele ya yetu kwa saa sita na fundi wa hapa ameshindwa kuirekebisha, kwa hiyo sisi tukila chakula cha mchana, kwa yule mama jioni imeshaingia. Nyuma kwenye buti limebandikwa ua la rangi nne. Nilitaka kulibandua, Generosa akakataa, anasema mtoto akizaliwa atalipenda. Mimba yake ina miezi mitano sasa.

Jumamosi nililipeleka Maganzo kwa Shangazi Mbuke. Si unajua kwetu, kitu kikubwa hakianzi kutumika kabla shangazi hajakibariki, na sisi wawili hatuna mwingine; tangu mama afariki yeye ndiye mama. Alijaza mdomoni maji ya unga wa mtama, akapulizia magurudumu yote manne, akawaambia wazee kwa Kisukuma kwamba kijana wao amepata miguu mipya. Halafu nikamkalisha kiti cha dereva. Miguu haikufika chini. Nikabonyeza kitufe, kiti kikamsogeza mbele chenyewe mpaka kifua kikakaribia usukani, akacheka hadi machozi. Kijiji kizima kilikuja kuangalia.

Uniombee, na uombee na gari.

Kaka yako,
Edson Maige


Novisiati, Geita, 3 Machi 2024

Kaka Edson,

Shikamoo. Nimesoma barua yako mara mbili nikajiuliza, huyu amenunua gari au ameoa mke wa pili? Mpe wifi pole kwa kuletewa mwenzake.

Hapa ni Kwaresima. Tunaamka mapema, tunalima, tunasali, tunakaa kimya. Simu yangu bado iko kabatini kwa Mama Mlezi mpaka nimalize mwaka, na barua ni moja tu kwa mwezi, kwa hiyo nakuandikia kama mtu anayepima sukari.

Tunaye hapa Sista Remedios, Mfilipino, mzee wa miaka themanini. Alifundisha watoto wa chekechea Japani miaka ishirini kabla hajaletwa kwetu. Nimemsimulia habari za mama anayesema ndani ya gari, akacheka mpaka akakohoa. Anasema anachokumbusha ni kwamba kadi ya kulipia barabara haijachomekwa. Basi mwambie wifi asiitikie tena marahaba, anayemsemesha ni mtoza ushuru.

Shangazi nimemkumbuka sana. Ukienda tena mpelekee majani ya chai.

Mdogo wako,
Scolastika


Segese, 31 Machi 2024

Scola,

Mimba ya Generosa imetoka. Ilikuwa tarehe kumi na tisa, tukiwa njiani kwenda hospitali Kahama, ndani ya gari. Alikuwa mtoto wa kiume. Generosa yuko kwao Nzega anapumzika, hataki kusemeshwa na mtu, hata mimi. Leo ni Pasaka na sijaenda kanisani.

Siandiki kwa ajili ya kulia. Kuna jambo linanikosesha amani. Kiti cha dereva hakikai. Mimi ni mrefu, unanijua, nakirudisha nyuma mpaka mwisho. Nikishuka, nikafunga mlango, nikirudi na kufungua, kinasogea mbele chenyewe, polepole, mpaka kinafika usukani. Kioo nacho kinainama. Jana nilikirudisha mara nne. Mara ya nne nilisimama nje nikakiangalia kinavyokwenda, kimekaa kama mtu ameshaingia.

Nililipeleka gari kwa fundi wa umeme Kahama. Akachomeka mashine yake, akaangalia, akasema kiti hicho kina kumbukumbu. Kimemhifadhi mtu aliyekalia kwanza na kinamwandalia nafasi yake. Nikamuuliza mtu gani. Akasema, "Mimi nitajuaje, bosi? Wewe ndiye unajua nani alikalia kabla yako." Nikamwambia akifute. Alijaribu, akasema hakifutiki.

Mimi najua nani alikalia kabla yangu. Kijiji kizima kilimwona.

Edson


Novisiati, 7 Aprili 2024

Kaka,

Pole. Nimelia mbele ya wenzangu wakati wa kugawiwa barua, na Mama Mlezi hakunikaripia. Nimemwombea mtoto wetu kwa jina ambalo sikuambii, ni langu na lake.

Sasa nisikilize. Hiyo sentensi yako ya mwisho nimeisoma mara nyingi na imeniogopesha. Usiiendeleze. Fundi ameongelea mashine, hajaongelea mtu. Usichanganye mimba ya Generosa na kiti.

Unamkumbuka bibi yake Nkwabi, jirani yetu? Ng'ombe walikufa, mtu akasema macho ya bibi ni mekundu, ikadondoshwa karatasi mlangoni ya kumwambia ahame, na baada ya mavuno wakaja na mapanga. Wewe ulikuwa na miaka kumi na mbili. Shangazi alituficha chini ya kitanda, akatuziba masikio kwa mikono yake. Macho ya Shangazi nayo ni mekundu, kaka, na ni moshi wa kinyesi cha ng'ombe alichokokea moto ili sisi tule.

Nenda Maganzo ukamwambie msiba wako. Umlilie. Ndiyo kazi ya shangazi.

Scolastika


Segese, 28 Aprili 2024

Scola,

Sikwenda Maganzo. Nimekwenda kwingine na Valerian.

Kwanza angalia kilichomo ndani ya bahasha hii, lakini usikifungue. Nilikikuta chini ya kiti cha dereva, kimefungwa kwenye chuma kwa uzi. Ni hirizi. Kitambaa chekundu, nyuzi za dhahabu, mdomo umeshonwa, na maandishi ambayo hakuna anayeyajua hapa, si Kiarabu wala nini. Sikutaka kilale nyumbani kwangu. Ninyi mko karibu na Mungu, mtajua pa kukipeleka.

Valerian alisema mtu hawezi kuona hirizi chini ya kiti chake akakaa kimya. Tukaenda kwa mganga mmoja anayetazama kuku. Sikumwambia lolote, Scola, naapa. Sikutaja gari, sikutaja kiti, sikutaja mimba. Alimpasua kuku, akaangalia ndani muda mrefu, uso ukambadilika. Akasema, "Namwona mwanamke. Ni mzee, mfupi. Amekalia mahali pako, alikalia kabla yako na hajatoka. Hana raha hapa. Anataka arudishwe kwake alikotoka."

Valerian akanitazama. 

Shangazi alitoka upande wenu wa Geita. Babu alihama Uzinza amembeba akiwa binti mdogo. Hilo unalijua.

Namba yangu ya zamani nimeitupa.

Edson


Novisiati, 5 Mei 2024

Kaka Edson,

Naandika haraka, usome mpaka mwisho.

Kitu ulichotuma nimempa Sista Remedios. Hakushtuka. Alikipokea kwa mikono miwili, akatabasamu kama aliyeletewa kitu cha nyumbani. Kaka, hiyo ni hirizi kweli, lakini ni ya Kijapani. Inauzwa kwenye mahekalu yao, mchana kweupe, na kila mtu anaweza kununua. Maandishi yale yanasema usalama wa safari. Mtu huifunga kwenye gari la mama yake au la mtoto wake ili asipate ajali. Wao nao hawaifungui, kama sisi.

Nikamwuliza kuhusu ua la rangi nne. Akaniuliza kama nina hakika. Anasema kule Japani alama hiyo hubandikwa kwenye gari la dereva aliyezidi miaka sabini, ili wengine wampishe barabarani. Kwa hiyo gari lako lilikuwa la mzee. Kiti kinasogea mpaka usukani kwa sababu aliyekuwa analiendesha alikuwa mfupi. Mtu aliyempenda alimfungia hirizi chini ya kiti, halafu gari likauzwa, akafa au akanyang'anywa ufunguo, hatujui.

Mganga wako hakukosea, kaka. Alimwona mwanamke mzee, mfupi, aliyekalia kabla yako na anayetaka kurudi kwake. Lakini yule ni wa ng'ambo. Si Shangazi. Si Shangazi. Si Shangazi.

Mama Mlezi amenipa simu kabla sijaomba. Nimepiga namba yako, haipo. Nyingine yoyote siijui kwa kichwa. Anasema naogopa bure, mtu hamdhuru aliyemlea. Mungu amsikie. Barua hii inaondoka kesho na basi.

Scolastika


Novisiati, 5 Mei 2024

Shangazi Mbuke, kwa mkono wa katekista Athanas,

Shikamoo Shangazi. Mimi ni mzima. Athanas akusomee taratibu.

Kaka Edson amepata msiba, mimba ya mkewe imetoka. Nafikiri hajakuambia. Amekuwa na mawazo, na anao marafiki wanaompa maneno. Akija kwako, mwambie aje kwanza kwangu Geita, ninalo neno lake. Asifanye jambo lolote wala asiende popote kabla hatujaonana. Na wewe, Shangazi, kaa na watu. Usilale peke yako, mchukue mjukuu wa jirani akae nawe.

Nijibu upesi. Mama Mlezi ameahidi jibu lako ataniletea siku hiyohiyo litakapofika.

Mwanao,
Scolastika


Maganzo, 28 Mei 2024

Scolastika mwanangu,

Mimi Mbuke nasema, Athanas anaandika. Nakusalimu kwa Kisukuma, mwangaluka, ng'wanawane. Barua yako ilikaa parokiani, Athanas alikuwa kwenye semina Shinyanga, ndiyo maana nimechelewa. Nimemlilia mjukuu wangu asiyezaliwa. Huu mwaka ni mbaya, hata mtama umekuwa mfupi.

Lakini Edson amekuja mwenyewe, Alhamisi. Kaniletea kitenge na sukari kilo tano. Amekonda, mashavu yameingia. Nikampikia ugali na mlenda. Alinawa mikono, halafu hakula, akasema ameshiba njiani. Miaka ishirini amekula kwangu na hajawahi kusema ameshiba. Nikamwambia maneno yako, kwamba apite kwako Geita. Akainama akasema tutapita wote, maana Jumamosi hii atanichukua na gari kunipeleka Uzinza nikayaone makaburi ya babu na bibi. Mimi huko sijakanyaga tangu nikiwa na meno ya utoto. Sikulala kwa furaha.

Ameniambia nisitangaze, majirani wana maneno. Kwa hiyo nakuambia wewe tu na Athanas.

Alipokwenda pembeni kuongea na simu nilikaa kidogo mahali pake. Kile kiti kinanijua, kilikuja mbele chenyewe. Yule mama akanisalimia nami nikamwitikia. Nadhani ni mtu mzima kama mimi, sauti yake inachoka mwishoni. Nikamwambia, mama, na wewe umekuja mbali.

Nitavaa kitambaa cheupe na viatu vya kanisani. Tukutane Jumamosi.

Shangazi yako,
Mbuke (alama ya dole gumba)

Mimi Athanas naongeza bila yeye kujua. Mwanzoni mwa mwezi huu, kabla sijaenda semina, nilikuta karatasi mlangoni kwake, haina jina. Inasema ahame kabla ya mavuno la sivyo atahamishwa. Niliichoma nisimtie hofu. Nimefarijika kwamba kijana wake anamtoa hapa.


Segese, Jumatatu, 3 Juni 2024

Scolastika,

Sijui nakuitaje sasa. Nakuambia yote, na Mama Mlezi asome, sijali tena.

Barua yako ya Mei ilinifikia tarehe kumi na moja. Sikuifungua. Mganga alisema nisipokee kitu kutoka kwenye mkono ulioishika ile hirizi mpaka mambo yaishe, basi niliisukuma nyuma ya mzani pale karashani. Nimeifungua jana usiku. Ile karatasi ya mlangoni kwa Shangazi niliandika mimi, kwa mkono wa kushoto. Nilitaka aondoke tu, nikadhani akihama itatosha. Valerian akasema wa namna hiyo hahami, hurudishwa.

Jumamosi nilikuwa nampeleka kuuawa. Naandika neno lenyewe ili lisinikimbie. Valerian alikuwa ametuma watu wawili, wangesubiri penye kalavati, mbele ya msitu, barabara ya Geita. Njia nzima Shangazi alikuwa anaongea. Ananionyesha miti, ananiuliza majina ya vijiji, anamsemesha yule mama wa redio. Aliimba. Nilikuwa naendesha nimebana magoti, kiti kimekataa kurudi nyuma siku ile.

Saa nane mchana tukafika. Nikasimama kando ya barabara, nikashuka, nikaacha injini inawaka ili kiyoyozi kisizime asije akapata joto. Hilo nalifikiria mno, kwamba nilimjali kwa joto. Nikashuka bondeni mpaka kwenye kalavati. Wale watu walikuwa wamekaa juu ya mawe. Nikawaambia, "Yumo."

Tukageuka kupanda. Jua kali, hakuna wingu, nikaona kila kitu, Scola. Shangazi alikuwa kushoto pale nilipomwacha, kitambaa chake cheupe kinaonekana kwenye kioo cha nyuma, hakuondoka pale. Kiti cha dereva kilikuwa kitupu. Kikasogea mbele. Mlango wangu niliokuwa nimeurudishia tu ukafungwa, taratibu, kwa adabu. Indiketa ya kulia ikawaka. Ikawaka mara tatu au nne, kama dereva anayesubiri barabara iwe wazi, na barabara haikuwa na kitu. Kisha gari likaingia barabarani likaondoka pole pole, mwendo wa mtu anayekwenda kanisani.

Wale watu walikimbilia msituni, mmoja aliacha panga. Mimi nililikimbiza gari mpaka pumzi ikaniishia. Halikuongeza mwendo, wala sikulifikia.

Kijiji kilichofuata kuna mama anauza mahindi ya kuchoma. Nikamwuliza kama ameona gari jeupe. Akasema limepita, hata lilisimama kumpisha mbuzi wake. Nikamwuliza nani alikuwa anaendesha. Akasema mama mmoja mzee wa kigeni, mfupi, amevaa miwani na glavu nyeupe, amekaa karibu sana na usukani. Na bibi mmoja mweusi kushoto, wanacheka.

Nimezunguka siku mbili na pikipiki. Katoro, Geita, hadi ziwani. Hakuna gari, hakuna mtu. Scola, Shangazi hayupo. Nilimpeleka kuuawa na sasa hata maiti yake sina. Niambie nifanye nini.

Edson


Novisiati, 9 Juni 2024

Edson,

Leo si Jumapili ya kwanza. Mama Mlezi ameniruhusu.

Shangazi yuko hapa. Ni mzima.

Barua yake ya tarehe ishirini na nane ilifika Jumapili iliyopita, nikapewa baada ya Misa. Nilikuwa nimefika kwenye neno Jumamosi, nikajua kwamba Jumamosi ilikuwa jana, nikakaa chini kwenye veranda. Hapo ndipo nikasikia Sista Remedios ananiita. Gari lilikuwa limeegeshwa chini ya mti wa mwarobaini mbele ya kanisa, limerudishwa nyuma kinyumenyume, limenyooka. Hakuna aliyelisikia likiingia, na mlinzi anasema geti hakulifungua. Shangazi alikuwa anashuka upande wa kushoto, anatafuta kiatu chake. Kiti cha dereva kilikuwa kitupu na kiko mbele kabisa.

Tulimwuliza nani amemleta. Akasema yule mama. Nikamwuliza wamesemezana kwa lugha gani, akasema hakumwelewa lakini walielewana. Nikamwuliza walilala wapi, maana wewe unasema uliachwa Jumamosi saa nane na yeye alifika Jumapili saa nne asubuhi. Anashangaa. Anasema hawakulala, ilikuwa mchana safari nzima. Mafuta kwenye tanki yamejaa.

Sista Remedios aliingia ndani akakaa nyuma peke yake kwa muda. Alipotoka alikuwa amelia.  Aliomba ile hirizi, akairudisha chini ya kiti kwa mikono yake, akaifunga kwa uzi. Tangu hapo gari limekataa kuwaka na halijasema tena.

Barua yako Mama Mlezi aliisoma kabla yangu, kama kawaida. Amekaa nayo siku tatu. Amesema iko mezani kwake, na itabaki hapo mpaka uende polisi mwenyewe ukaseme lako na la Valerian. Usipokwenda kabla ya Jumapili ya kwanza ya Julai, ataipeleka yeye. Nami nimemwambia aipeleke. Nakupenda, Edson, na nataka iende.

Usije hapa. Siwezi kukuona bado.

Kuna jambo moja lililobaki, na ndilo linaloninyima usingizi. Shangazi hajui. Hakuona watu wowote, hakusikia kitu. Anachojua yeye ni kwamba wewe ulishuka bondeni kumtafutia maji ya kunywa, kwa sababu alikuwa amesema ana kiu, na yule mama akaondoa gari bila kukusubiri. Anaona haya kwamba alikuacha. Kila asubuhi, kabla hata ya kuuliza mengine, ananiuliza kama mwanawe Edson alitoka salama kwenye lile jua, na kama na yeye alipata maji. Nimemjibu kwamba ulipata. Ni uongo wangu wa kwanza tangu niingie humu ndani, na Mama Mlezi alikuwa amesimama mlangoni akanisikia, akaondoka.

Scolastika